Kutoka Buxton hadi Ngomeni na Kapu la Maneno

Mwenye kushuka Daraja la Nyali kuingia kisiwani, Buxton ndiyo impokeayo. Tangu mwaka 2021 nyumba za zamani za manispaa zimebomolewa na maghorofa yakasimama mahali pake, na majirani waliozoea kupigiana hodi mlango wa uani wametawanyika. Hapa ndipo tunapoanzia matembezi na watoto wetu wa darasa la likizo, ambao twawafundisha Kihispania.

Baadhi ya wazazi wametuuliza, na wana haki ya kuuliza: Kihispania cha nini, na mtoto bado hajakiweza Kiarabu chake cha chuoni? Jibu letu ni kapu. Kila mtoto hutia ndani kitu kimoja cha jikoni kwao pamoja na kadi iliyoandikwa jina la kitu hicho kwa Kihispania, Kiarabu na Kiswahili. Sukari ni azúcar. Zafarani ni azafrán. Kufanana huku si kwa bahati, kwani Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na Granada, dola yao ya mwisho, haikuanguka ila mwaka 1492. Kihispania kilibaki na maelfu ya maneno yao. Hasta ni ile hatta tuliyoifanya sisi hata, na mkuu wa mji huitwa alcalde, ambaye kwa asili ni kadhi. Mtoto mmoja aliposikia hayo aliuliza iwapo basi gavana wetu aweza kufungisha ndoa.

Tukifika Marikiti, mtoto huuliza bei ya iliki kwa Kihispania, mwenziwe humfasiria muuzaji, na jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo, hesabu na yote. Wauza viungo wana subira kuliko walimu.

Kutoka hapo twafuata vichochoro vya Mji wa Kale hadi Ngomeni. Ngome hii ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, zama ambazo Ureno yenyewe ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania, Felipe wa Pili. Kwa hiyo Hispania haiko mbali nasi kama ramani inavyodai. Hapa watoto hutafuta maneno yaliyobaki baada ya Wareno kuondoka: meza, ambayo kwa Kihispania ni mesa, bendera, ambayo ni bandera, na gereza, lililotokana na neno la Kireno la kanisa, igreja. Jengo lenyewe lilikuja kuwa gereza kweli, kuanzia mwaka 1895 hadi 1958.

Kazi ya mwisho ni ya mikono. Vitabu vingi vya watoto huwafanya wakate mafahali wa karatasi, kana kwamba Hispania nzima ni uwanja wa kupigana na ng'ombe. Sisi twapendelea vigae vya rangi, azulejos, neno jingine lenye asili ya Kiarabu. Watoto huchora nyota za pembe nane, kisha hulinganisha na nakshi za milango ya Mji wa Kale. Huwaonyesha pia picha za kuta za Alhambra kule Granada, palipoandikwa tena na tena "Wa la ghaliba illa Allah". Watoto wa chuoni huyasoma papo hapo. Wahispania wengi wapitao mbele ya kuta hizo hawawezi.

Likizo iliyopita msichana mmoja wa Buxton alileta chombo cha shaba asichokijua jina. Kwenye kadi aliandika taza, kikombe cha Kihispania, na tassa, la Kiarabu. Mstari wa Kiswahili aliuacha mtupu. Bibi yake angemwambia mara moja kwamba ni tasa, lakini bibi sasa akaa Likoni, ng'ambo ya feri. Likizo ijayo tutavuka na kapu kwenda kumuuliza yeye na wenziwe. Mzazi mwenye mkongwe aliyehama Buxton na atujulishe anakoishi.