Maji Yanapoganda Safarini

Alaska ni jimbo la kaskazini kabisa la Marekani. Mwezi wa Januari, katika mji wa Fairbanks, baridi huweza kufika nyuzi 40 za Sentigredi chini ya sifuri. Maji huanza kuganda kwenye sifuri.

Ukisafiri huko utaona magari yaliyo kama nyumba. Ndani mna kitanda, jiko, tangi la maji na mabomba. Gari likienda, upepo wa baridi hupita chini yake na kuondoa joto la mabomba upesi. Maji yakiganda huongezeka ukubwa, karibu sehemu 9 katika kila 100. Bomba hupasuka. Barafu ikiyeyuka, maji yote humwagika, na msafiri hubaki na kiu.

Je, dereva mwenye busara hufanya nini? Huyavika mabomba nguo nene ya kuzuia baridi. Huwasha hita hata akiwa njiani. Hufungua milango ya kabati ili joto liyafikie mabomba. Baridi ikizidi, huyamwaga maji yote ya mabomba kabla hajaondoka, na ya kunywa huyaweka katika dumu karibu naye. Bomba tupu halipasuki.