Aliyesoma Wasifu Wako Kwenye Lifti

Ntinda, Kampala
Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Nimesikiliza jumbe zako za sauti mara mbili, hata ule wa dakika saba ambao nusu yake ni kwikwi na nusu ni honi za barabara ya Masaka. Nilitaka kukupigia, nikaona nitakukatiza maneno kama walivyokukatiza wale. Afadhali niandike, nawe usome ukiwa umeshakula.

Kukasirika una haki. Umetoka Bukoba alfajiri, umevuka Mutukula, umepita Ikweta pale Kayabwe umesinzia, umelala Kyengera kwa rafiki (kwa nini si kwangu, hilo tutalizungumza siku yake), na saa tatu kasoro robo uko kwenye benchi la watu Industrial Area, bahasha ya kaki mapajani. Wakakuita saa tano na nusu, hakuna aliyesema pole. Ndani wako watatu. Wa kwanza hakuinua macho kwenye simu. Wa pili akakuuliza kama wewe ndiye wa uhasibu. Wa tatu akaomba nakala ya wasifu wako kwa sababu yake ameisahau ofisini, na hapo mlipokaa ndipo ofisini. Kisha wakaulizana kwa Kiganda habari ya chakula cha mchana, wakidhani Mtanzania hasikii. Hawakujua kwamba Mhaya ukimsemesha Kiganda huelewa nusu, na ile nusu nyingine huikisia.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata baba yako sijamwambia. Mimi nimewahi kuwa yule wa tatu.

Nilikuwa nasimamia stoo ya kampuni moja hapa mjini. Tulitafuta karani. Asubuhi ya usaili lori lilikuwa limekwama getini, dereva anagomba na mlinzi, na simu yangu haikunyamaza. Wasifu wa kijana wa kwanza niliusoma kwenye lifti, kutoka chini mpaka ghorofa ya nne, na lifti ile haikuwa ya polepole. Nilipoketi nilikuwa nalijua jina lake tu. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye hekima, "Karibu. Hebu tueleze kidogo kuhusu wewe."

Mwanangu, mara nyingi swali lile si swali. Ni pazia. Wewe unazungumza, msaili anasoma karatasi ambayo alitakiwa aisome jana. Kijana wa watu akaanzia alikozaliwa, akaja shule ya msingi, akaja sekondari, akamtaja na padri aliyemlipia ada. Mimi nasoma. Nikakuta ukurasa wa pili kwamba ametunza stoo ya vipuri miaka mitatu, kazi ileile tuliyokuwa tukiitafutia mtu. Nikainua kichwa, amemaliza. Sikuwa nimesikia neno. Wenzangu walichoka tangu shule ya msingi. Tukamwajiri mwingine aliyechangamka zaidi, na karatasi ya yule ikarudi kwenye faili. Jina lake bado nalikumbuka.

Kwa hiyo ukiambiwa "tueleze kuhusu wewe", chukulia kwamba pale mezani hakuna aliyesoma kitu. Usiwachukie, wasomee. Usianzie Kanyigo ulikozaliwa. Anzia kazi: mimi ni mtu wa ununuzi na ugavi, nimefanya hiki na hiki, mnatafuta mtu wa nyaraka za mizigo na hizo nimezishika kwa mikono yangu. Dakika mbili, basi. Nakala za wasifu ziwe nne ndani ya bahasha, na mtu akisema yake imebaki ofisini umpe bila kuguna. Najua uliguna. Kwenye ujumbe wa pili umeguna hata ulipokuwa unanisimulia.

Hapo ndipo ninapofika kwako, maana si kila lililoharibika mle ndani waliliharibu wao.

Umesema yule mama mwenye miwani, wa pekee kati yao aliyekuwa anakutazama, alikuuliza kama umewahi kushughulika na mizigo ya mpakani. Ukajibu, "Hapana, bado sijapata uzoefu." Nilisimamisha ujumbe hapo nikainuka kuchemsha chai, maana nilitaka kupiga kelele. Hapana? Baba yako amevusha maharage Mutukula tangu hujaanza shule! Nani alikuwa anamjazia fomu likizo zote, yeye akiwa amesahau miwani? Nani aliyenieleza mimi, hapa hapa sebuleni, mambo yalivyobadilika tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe Novemba 2017, kwamba lori linakaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, badala ya kusimama upande huu na kusimama tena ule? Kampuni ile iliyokusaili inaleta mizigo kutoka Mombasa kwa njia ya Malaba, na mingine kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Mutukula. Msichana aliyekulia karibu na mpaka huo amekaa mbele yao, na amewaambia hapana.

Najua ulichofikiri. Ulifikiri uzoefu ni ule wenye barua yenye muhuri. Shuleni ndivyo mlivyofundishwa, na matangazo ya kazi yanawatisha kwa "miaka mitano" hata kwa mtu wa kupokea simu. Lakini yule mama hakukuuliza una barua gani. Alikuuliza umeshika nini. Ungemweleza siku maharage yalipozuiliwa kwa sababu uzito kwenye karatasi haukulingana na wa mzani, mkalala getini, asubuhi ukaenda kuipanga upya hesabu, angeiweka kalamu chini akusikilize. Ungesema tu kwamba ilikuwa biashara ya nyumbani. Usingekuwa umeongopa.

Na Kiswahili! Umekiandika mstari wa mwisho wa wasifu, chini ya kupenda muziki na kuogelea. Mwanangu, mimi naishi huku. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022, lakini zunguka maofisi ya Kampala uone wangapi wanaweza kuandika barua ya Kiswahili kwa wakala wa Dar es Salaam bila kuomba msaada. Dereva anayetoka bandarini anazungumza Kiswahili, karani wa Mwanza vilevile, na mteja wa Bukavu hivyo hivyo. Wewe kwako ni lugha ya kuombea chumvi, ndiyo maana huoni kama ni bidhaa. Kipandishe juu, kabla ya shahada.

Kuhusu mshahara ulisema "chochote mtakachoona kinafaa". Ukisema chochote utapewa chochote. Tena shilingi ya huku si ya huko: laki tano ya Uganda ukiivusha Mutukula inapungua, na kodi ya chumba utailipa kwa hii ya huku. Uliza kwanza watu wa kazi hiyo wanalipwa kiasi gani, uende na kiwango mdomoni.

La kuchelewa kwako dakika kumi sitalisema sana, kwa sababu mimi mwenyewe sina uso. Usaili wangu wa kwanza Kampala niliitwa kwa simu. Mtu akaniambia kwa Kiingereza niende saa namba tatu. Mimi na masikio yangu ya Kihaya nikasikia saa tatu. Asubuhi na mapema nikawa mapokezini, viatu vinang'aa. Nikaambiwa aah, nnyabo, ni saa tisa alasiri! Nauli ya kurudi na kuja tena sikuwa nayo. Nikakaa. Saa sita nzima nilisoma kila kilichobandikwa ukutani, nikahesabu magari yaliyoingia na yaliyotoka, nikamsaidia dada wa mapokezi kupanga risiti. Nilipoitwa nilikuwa najua wateja wao wakubwa ni nani na ni mteja gani amekuja kulalamika mara mbili siku hiyo. Kazi nilipata. Sikupendekezei njia hiyo, ina njaa. Ila wewe ulikaa kwenye benchi saa mbili na dakika arobaini na tano ukitazama simu, na magari yao yanapita mbele yako yameandikwa ubavuni njia zote wanazokwenda.

Lile swali la kuolewa walilokuuliza limenikera kuliko yote. Ujue linatoka wapi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwanamke siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili (baba anapewa siku 4, nafikiri za kununua sabuni). Anayekuuliza utaolewa lini anazipigia hesabu hizo 60. Na sheria hiyohiyo inakataza kumbagua mtu katika ajira kwa sababu ya jinsia, dini, asili yake, ulemavu au virusi vya UKIMWI. Je, umnukulie vifungu mezani? Mimi nisingekushauri, na naona aibu kukwambia hivyo, lakini wewe unatafuta kazi na yeye anayo. Sema kwa upole kwamba hakuna jambo la nyumbani litakalokuzuia kuifanya kazi ile, kisha rudisha mazungumzo kwenye mizigo. Akirudia mara ya pili, umeshaijua nyumba unayotaka kuhamia. Swali la kibali cha kazi ni jingine kabisa, hilo ni halali. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, lakini karatasi bado zinahitajika, na mwajiri lazima ajue.

Unaniuliza kama kweli wamekupima. Hata kidogo. Mwaka 2013 mtafiti wa Marekani, Jason Dana, na wenzake wawili walichapisha jaribio lililonifanya nicheke peke yangu. Wanafunzi waliambiwa wawasaili wanafunzi wenzao, kisha wakisie alama watakazopata. Baadhi ya waliosailiwa walifundishwa kwa siri wajibu ndiyo na hapana kiholela tu, kwa mpango usiohusiana na swali. Wasaili hawakugundua kitu. Tena waliosaili walikisia vibaya kuliko kama wangetazama alama za nyuma peke yake. Tangu nisome habari hiyo, stoo kwangu kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale, kila msaili anaandika alama zake kabla hatujasemezana, na mwombaji anapewa ankara yenye kosa aitafute. Baadhi ya wenzangu wanasema nimegeuza usaili kuwa mtihani wa darasa la saba. Sawa.

Na kabla hujasema basi heri kwetu, kumbuka Juni 2014 pale Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Watu zaidi ya 10,000 walikaa kwenye viti vya mashabiki kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Kaka yako alikuwa miongoni mwao. Muulize kama kuna aliyemwuliza jina.

Sasa huu usaili wa Nakawa wa Alhamisi. Ujumbe waliokutumia nimeuona, hawajaomba pesa, vizuri. Akitokea mtu wa kutaka ada ya usaili kwa simu, mfute. Uje Jumatano, ulale hapa Ntinda, asubuhi nitakusindikiza mwenyewe, si mbali. Gauni la bluu linatosha, usinunue jipya. Kabla ya kutoka kwao waulize kitu kimoja cha kweli, kwa mfano karani aliyekuwepo ameondoka kwa nini. Sura zao zitakujibu kabla ya midomo.

Mwambie baba yako anitumie maharage kilo tano, yale mekundu, asiniletee ya njano kama mwaka jana. Na umwombe moja ya zile fomu zake za zamani za Mutukula, yenye mwandiko wako. Uisome ndani ya basi, ukifika unieleze kila mstari una kazi gani, nami nitajifanya sikusoma wasifu wako.

Shangazi yako