Kamba ya Nguo

Mwezi wa Aprili 2022, uani pakiwa tope, mama mmoja wa mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, aliteleza na ndoo ya maji. Alitanguliza mkono wa kuume ajizuie, bega likateguka. Hospitali walilirudisha siku ile ile. Mkono ukatundikwa shingoni kwa kitambaa muda wa wiki tatu, kisha akaambiwa aanze kuutumia polepole.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza. Maumivu yalipungua, lakini kila alipotaka kuuinua mkono kupita kifua, mwili mzima ulikakamaa. Usiku alilala chali, mto ubavuni. Nguo alivaa za vifungo vya mbele tu. Watu wa nyumbani, kwa huruma, walimwondolea kazi moja baada ya nyingine: wifi akasonga ugali, binti mkubwa akateka maji, mume akaanika nguo, jambo lililowachekesha sana majirani. Wema huo haulaumiki. Lakini kila kazi aliyoondolewa ilimthibitishia kwamba mkono wake ni chungu chenye ufa. Mwaka ukaisha hivyo.

Kweli, bega si kiungo cha kudharau. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kikombe kinachokipokea, na kikombe chenyewe hakina kina. Ndiyo sababu bega huzunguka kuliko kiungo kingine chochote, na ndiyo sababu huteguka kwa urahisi. Vijana wa chini ya miaka 20 huteguka tena mara nyingi. Aliyepita miaka 40 hana sana hatari hiyo. Yeye huandamwa zaidi na kukazana kwa kiungo kisichotumiwa. Mama huyu alikuwa na miaka 43.

Aliyemgeuza ni kitinda mimba wake, wa miaka minne: "Mama, nimekukosea nini hata hunibebi?"

Kesho yake alikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huyo aliupima mkono, hakuona kano iliyokatika, akamweleza kwamba kuvutwa na kuuma kidogo si dalili ya kuteguka upya. Akampa zoezi la kutambaza vidole ukutani, na kutia alama ya mkaa pale vilipofika.

Mume naye akaishusha kamba ya nguo hadi usawa wa kifua.

"Leo anika leso tu, mama watoto."

"Na likichomoka, baba watoto?"

"Njia ya hospitali twaijua."

Alianika leso tatu, jasho likimtoka kama aliyetwanga. Kila baada ya wiki mbili fundo la kamba lilipandishwa nusu shibiri. Ziko wiki lilipoteremshwa tena, hasa baada ya usiku mmoja alioamka amelilalia bega lile, akalia kwa hofu, ingawa halikuwa na lolote.

Kufikia mwisho wa mwaka 2023 kamba ilikuwa shibiri moja chini ya msumari wake wa zamani. Mtoto alibebwa, japo kwanza ilimpasa apande juu ya kinu. Shuka za kitanda aliendelea kuzianika mume.