Gramu Hazivuki Mshale

Tanga

Mpwa wangu Zuhura,

Mama yako ananiambia tangu mfike kwenye hesabu za moli umeanza kuikimbia kemia, na akanitumia picha za daftari lako. Nimelipitia lote. Kuzidisha na kugawanya unajua. Kinachokuangusha ni kwamba unazichukua gramu za kushoto kwa mshale na kuzivusha kulia hivyo hivyo. Gramu hazivuki mshale, mwanangu. Kinachovuka ni moli.

Mlinganyo haupimi uzito, unahesabu chembe. Kilo ya mchele na kilo ya harage zinalingana mizanini, lakini punje hazilingani idadi. Moli moja ni chembe 6.02 × 10²³, ziwe za kitu chochote. Uzito wake ndio unaobadilika, nao unausoma kwenye jedwali la elementi: kaboni gramu 12, oksijeni 16, kalsiamu 40.

Tuchukue chokaa, maana tanuri umeliona. Mawe ya Amboni ni kalsiamu kabonati, sawa na matumbawe waliyoyachoma wazee wa Kilwa na Lamu kujengea nyumba zao. Yakipata moto wa nyuzi 900 hivi za Selsiasi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Jumlisha mwenyewe: 40 + 12 + (3 × 16) = 100. Moli moja ya jiwe ni gramu 100, ya chokaa 56, ya hewa ya ukaa 44. Basi tuseme una kilo 250 za jiwe safi. Hizo ni gramu 250,000. Gawanya kwa 100, moli 2,500. Hapo ndipo unapovuka: moli moja ya jiwe hutoa moli moja ya chokaa, kwa hiyo chokaa nayo ni moli 2,500. Zidisha kwa 56, kilo 140. Kilo 110 zimepaa angani. Asiyejua hesabu hii atawashika wapakizi uchawi.

Chokaa hiyo ukiizima kwa maji, CaO + H₂O → Ca(OH)₂, moli zile zile 2,500 hunywa kilo 45 za maji, unapata kilo 185. Ndiyo hiyo bibi yako anayoipaka kwenye tambuu. Fundi humwaga maji zaidi ya hizo 45, kwa sababu chokaa ikizimwa huchemka na maji mengi huondoka kama mvuke.

Kwenye maswali ya kitu gani kitaisha kwanza, usiyaamini macho. Umepewa haidrojeni gramu 10 na oksijeni gramu 64. Utaapa kwamba haidrojeni ndiyo itakayoisha. Haya, gawanya: 10 kwa 2 ni moli 5, 64 kwa 32 ni moli 2. (Ni 2 na 32, si 1 na 16, kwa kuwa gesi hizi hutembea atomi mbili mbili. Hapo umekosea mara nyingi.) Mlinganyo ni 2H₂ + O₂ → 2H₂O, kwa hiyo moli 2 za oksijeni zinataka moli 4 za haidrojeni, na wewe unazo 5. Oksijeni, nzito ile, ndiyo iliyoisha. Maji ni moli 4, yaani gramu 72, na haidrojeni gramu 2 imebaki. Jumla 74, kama ulivyoanza. Jumla zikikataa kulingana, rudi nyuma. Lavoisier, Mfaransa, alikwisha kuliandika hilo katika kitabu chake cha 1789, kwamba katika mabadiliko haya hakuna kinachopotea.

Na mlinganyo usiposawazika, usiguse tarakimu ndogo za chini. H₂O ukiigeuza H₂O₂ si maji tena.

Nakuachia moja. Fundi anataka kilo 37 za chokaa iliyozimwa. Achome jiwe safi kilo ngapi? Andika hatua zote pamoja na vipimo vyake, kisha mpe mama yako apige picha anitumie. Na kaka yako asikusaidie, mwandiko wake naujua.

Mjomba wako