Mwadui: Mji Mzuri, Ufunguo wa Kuazima

Jamani, wapenda safari, wiki hii nilitinga Mwadui, mji wa almasi. Nilidaka Hiace Shinyanga mjini, tukashika lami ya Mwanza mpaka Maganzo. Hapo nikampitia babu mzaa mama, mstaafu wa mgodini, tukala bodaboda hadi getini.

Kitambulisho, jina kwenye daftari, begi lifunguliwe. Babu wa watu naye akapekuliwa kama mgeni!

Ukishapita, mambo mengine kabisa. Mitaa imenyooka, nyumba zimepangwa kwa mistari, miti ya kivuli kila upande. Kuna hospitali, shule, uwanja wa ndege, na uwanja wa Mwadui FC, ile timu iliyoshuka Ligi Kuu mwaka 2021.

Aliyeuanzisha ni Mkanada John Williamson, mtaalamu wa miamba aliyegundua almasi hapa mwaka 1940. Mwaka 1947 ikapatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, akamzawadia Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa. Ilipochongwa zikabaki karati 23.6, ikawa kiini cha pambo la kifuani lenye umbo la ua. Williamson alifariki mwaka 1958, na mgodi ukauzwa kwa serikali na De Beers.

Basi, babu akasimama mbele ya nyumba moja, kimya.

“Mama yako alizaliwa humu. Mwembe ule niliupanda mimi.”

Mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo akatukaribisha ndani. Babu akakataa kwa upole, akabaki kivulini. Nikamuuliza, “Babu, mbona huingii?”

“Mjukuu wangu, nyumba ya kazi ni koti la kuazima. Kazi ikiisha, unavua.”

Yule mama akatufungia maembe matano. Wakati wa kutoka, begi likafunguliwa tena. Mlinzi akaona maembe, akacheka. Babu hakucheka.

Jioni tukarudi kwake Maganzo. Vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, ukuta umepinda kidogo, maji ya kuteka. Akatoa ufunguo mfukoni, akaupunga mbele ya macho yangu.

“Huu haudaiwi na mtu.”

Sasa wewe kijana uliyepata ajira kwenye migodi ya Geita, umepewa chumba chenye kiyoyozi na kitanda cha kutandikiwa. Kula maisha, sikukatazi. Lakini mshahara ukitoka, kanunue kiwanja, hata kama kiko porini. Halafu panda mwembe.

Tukutane wiki ijayo!