Maji Fufutende

Katika lugha yetu limo neno ambalo sikuijua thamani yake mpaka nilipoingia katika kazi ya uuguzi. Neno lenyewe ni fufutende. Maji fufutende si ya moto wala si ya baridi. Ni yale ambayo mtu akitia mkono hasemi kitu, kwa kuwa hana la kusema. Bibi yangu, aliyekuwa mkunga wa kijijini kwetu, kaskazini ya Unguja, hakuwa na kipimajoto. Mzazi alimkanda kwa maji ya moto, lakini ya mtoto yalikuwa lazima yawe fufutende. Alichovya kiwiko ndani ya karai, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bado," au, "Haya, mleteni." Siku arubaini nzima mzazi hakuachiwa kuguswa na baridi: uji wa pilipili manga, kanga mbili begani, na mlango wa upande wa upepo umefungwa. Nilipokuwa mwanafunzi niliyacheka mambo hayo, nikiyadhani ni hofu za watu wazima tu.

Kisha nikapangiwa chumba cha upasuaji.

Msomaji asiyepata kuingia huko huenda akashangaa nikimwambia kwamba katika kisiwa hiki, ambapo mwezi wa Februari mtu hulowa jasho akiwa amekaa kitako, kuna watu hutetemeka kwa baridi. Kiyoyozi huwashwa kwa ajili ya daktari aliyevaa joho juu ya nguo na kusimama chini ya taa kali. Mgonjwa amevuliwa kanga zake. Amelazwa juu ya meza ngumu, tumbo linapakwa dawa ya kuua vijidudu, nayo ni ya baridi, na mshipani yanaingia maji ya dripu yaliyokuwa yamewekwa katika chumba hichohicho. Wanawake wa kwetu hawapigi kelele katika hali hiyo. Husema kwa sauti ndogo tu, "Mwanangu, naona baridi." Nasi tulikuwa tukijibu, "Itapita, mama."

Baadaye nilisoma kwamba haipiti kirahisi hivyo. Sindano ya ganzi ya mgongoni huilegeza mishipa ya damu ya miguuni. Damu yenye joto la kifuani na tumboni hushukia huko, na joto hilo hupotea kupitia ngozi. Lita moja ya maji ya dripu yenye ubaridi wa chumba huweza kumpunguzia mtu mzima kiasi cha robo ya nyuzi moja. Ni kidogo, lakini lita huwa mbili, huwa tatu. Mwaka 1996 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Austria kwa wagonjwa 200 waliopasuliwa utumbo mpana. Miongoni mwa waliohifadhiwa katika joto lao la kawaida, 6 katika kila 100 walipata uambukizo wa kidonda. Miongoni mwa walioachwa wakapoa, 19 katika kila 100. Nilipoyasoma hayo niliukumbuka mlango wa bibi uliofungwa.

Lakini kabla sijasoma lolote nilikuwa nimekwisha kufanya kosa, na kosa hilo ndilo linaloniandikisha haya. Katika mwaka wangu wa pili kazini tulimtoa chumba cha upasuaji mama mmoja wa makamo, anatetemeka hata meno yanagongana. Nikamhurumia. Nikajaza maji ya birika katika chupa tupu, nikaizungushia kanga, nikaiweka miguuni pake. Akanishukuru kwa dua ndefu. Miguu yake ilikuwa bado imekufa ganzi, na ile kanga iliteleza. Alipoanza kuihisi tena, kisigino kilikuwa kimekwisha kufanya lengelenge la ukubwa wa ndimu. Jeraha lile lilichukua muda mrefu kupona kuliko la upasuaji. Yeye hakunilaumu. Alisema tu, "Ulinitakia joto, mwanangu," na maneno hayo yaliniuma kuliko makaripio yote ya wakubwa.

Kilichofuata ni amri: chupa za maji ya moto marufuku. Ilikuwa amri ya haki, na hata leo naiunga mkono kwa kila mgonjwa asiyehisi viungo vyake. Lakini pamoja na chupa likaondoshwa jambo zima. Kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kupasha kitu chochote joto, hata blanketi. Na mgonjwa aliyesema anaona baridi alijibiwa kwa kisa changu. Yule mama aliungua kwa huruma yangu, na waliokuja baada yake wakaachwa na baridi kwa woga wetu. Sijui lipi ni zito zaidi.

Bibi hakuwa na amri, alikuwa na kiwiko. Mimi ile chupa sikuijaribu juu ya ngozi yangu. Niliiachia ngozi ambayo haikuweza kunijibu.

Nilianza upya na vitu visivyoweza kumwunguza mtu. Stetoskopu hukaa kiganjani wakati mgonjwa anaeleza maradhi yake. Kifaa cha chuma cha kuwachunguzia wanawake hupitishwa katika maji fufutende, kisha hugusishwa pajani kwanza, na mwenyewe huulizwa. Jeli ya kipimo cha altrasaundi haifai kulazwa katika maji ya moto kutwa nzima, kwani vijidudu navyo hupenda vuguvugu. Na damu, ambayo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 6, haipashwi kamwe kwa maji ya moto ya kukisia. Ikizidi joto chembe zake hupasuka, na kilichokuwa dawa kikawa madhara. Hiyo ina mashine yake.

Kifaa nikipendacho kuliko vyote ni ile pembe ya mti ambayo wakunga huitumia kuusikiliza moyo wa mtoto tumboni. Laennec, aliyebuni stetoskopu huko Paris mwaka 1816, alianza kwa karatasi iliyokunjwa, halafu akachonga mti. Mti na chuma vikilala usiku katika chumba kimoja huamka na joto lilelile, lakini chuma hulinyonya joto la ngozi upesi, na mti hauna pupa hiyo. Siku hizi pembe nyingi ni za alumini. Zinaoshwa vizuri, sikatai.

Mwaka 2019 nilimsindikiza binti yangu kliniki, mimba yake ikiwa ya miezi minane. Mkunga alikuwa msichana mdogo, na pembe yake ya alumini. Sikumwambia kwamba nami nilikuwa muuguzi. "Shikamoo, mama," akaniamkia, huku amekwisha kuifumbata ile pembe kwa viganja viwili. Akamwuliza binti yangu habari za chakula, za usingizi, za miguu kuvimba. Kisha akaigusisha upande wa ndani wa mkono wake mwenyewe, akasita, akaifumbata tena kidogo. Ndipo alipoinama.

Njiani tukirudi nilimwuliza binti yangu kama ile pembe ilikuwa ya baridi.

"Pembe gani, mama?" akasema.