Mwaka wa Hiari

Aliyehitimu husimama mahali pagumu. Nyuma yake wamo walimu ambao hawatamsimamia tena. Mbele yake wamo watu ambao hawajui kuwa jana alikuwa mwanafunzi. Siku moja tu hutenganisha hali hizo mbili, na siku hiyo haiongezi maarifa katika kichwa chake wala ustadi katika mikono yake. Huongeza jina lake tu. Katika jambo hili tabibu wa meno wa Marekani ana nafasi ambayo watu wa kazi nyingi hawana. Sheria humwambia kuwa amekwisha kuwa daktari kamili. Na hapohapo hospitali humwambia kuwa, akipenda, anaweza kubaki chini ya walimu kwa mwaka mmoja zaidi. Kuchagua ni juu yake.

Elimu ya meno katika nchi ile ni ndefu. Kwa kawaida mtu husoma chuo miaka 4, kisha huingia shule ya meno kwa miaka 4 mingine. Mwisho hupewa shahada ya udaktari yenye jina moja kati ya mawili, DDS au DMD, majina yaliyotofautiana kwa herufi lakini sawa kwa thamani. Akishinda mitihani ya leseni anaweza kutundika kibao mlangoni na kuanza kazi. Majimbo machache yameikataa haraka hiyo: Delaware hudai mwaka wa mafunzo ya ziada, na New York hudai vivyo hivyo kwa wahitimu wapya tangu mwaka 2007. Katika majimbo mengi mwaka huo ni wa hiari. Huitwa ukaazi wa utabibu wa jumla wa meno. Neno ukaazi limetoka katika desturi ya zamani, matabibu vijana walipokuwa wakiishi ndani ya hospitali ili waweze kuamshwa saa yoyote.

Binti mmoja wa jimbo la Ohio alifika katika njia panda hiyo alipokuwa katika mwaka wake wa mwisho wa shule. Mkono mmoja alikuwa na barua ya mzee aliyekuwa na kliniki katika mji wao mdogo, ambaye alimtibu meno yake alipokuwa mtoto. Mzee alitaka kupumzika, na alitaka kliniki imwendee mtu anayemjua. Mshahara aliouahidi ulikuwa mzuri, na baada ya miaka michache kliniki ingekuwa mali ya binti. Mkono wa pili alikuwa na fomu ya maombi ya ukaazi, ambao malipo yake yalikuwa pungufu sana. Baina ya mikono hiyo lilikuwapo deni. Shule ya meno katika Marekani ni ghali, na wahitimu wengi hutoka na deni linalopita dola 200,000. Deni la binti huyu lilikuwa kubwa kuliko thamani ya nyumba ya wazazi wake.

Baba yake alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno machache. Alimwuliza swali moja: kama shule imesema wewe ni daktari, nani mwingine unayemngoja aseme? Swali hilo halikuwa la kijinga. Dawa ya deni ni kulipa, na riba hailali hata usiku ambao mdaiwa amelala. Binti hakuwa na jibu, akaiweka fomu ndani ya kitabu na kuifunika.

Wiki chache baadaye, katika kliniki ya shule, aliletewa bibi mmoja mwenye jino lililooza hadi mzizi. Jino halikuwa na tumaini, na kuling'oa lilikuwa jambo dogo kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Karatasi ya bibi ilisema kuwa alipata kuugua saratani ya titi na kwamba anakunywa vidonge vya shinikizo la damu. Sindano ya ganzi ilikuwa tayari. Ndipo mwalimu alipopita, akasoma karatasi, akauliza kwa upole, “Mama, kuna sindano yoyote unayochomwa?” Bibi akajibu kuwa iko, kila mwezi, ya mifupa, kwani saratani ilikuwa imefika huko. Hakuiandika kwa sababu karatasi iliuliza dawa, na kwake dawa ilikuwa kitu cha kumezwa.

Mwalimu akaiondoa sindano ya ganzi mezani. Tangu mwaka 2003 zimekuwa zikitolewa taarifa kwamba baadhi ya dawa zinazolinda mifupa huweza kusababisha mfupa wa taya kufa, hasa baada ya jino kung'olewa, na wanaopewa dawa hizo kwa wingi kwa ajili ya saratani ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Kwa mgonjwa kama yule, mara nyingine ni heri kuutibu mzizi wa jino na kuuacha mahali pake. Binti alikuwa ameyasoma hayo yote. Aliyajibu vizuri katika mtihani. Lakini mtihani ulimwonyesha swali, bibi hakumwonyesha. Usiku ule hakufikiri juu ya deni. Alifikiri kuwa katika kliniki ya mji wao asingekuwapo mtu wa kupita na kusoma karatasi.

Kosa hilo si la mwanafunzi mmoja. Lina mzizi katika mgawanyo wa zamani. Shule ya kwanza ya meno katika Marekani ilianzishwa Baltimore mwaka 1840, ikajitegemea mbali na shule za utabibu, na tangu siku hizo kinywa kimekuwa na madaktari wake, bima zake na majengo yake, kana kwamba mtu aweza kuliacha taya nyumbani anapokwenda hospitali. Hata mpango wa serikali wa matibabu ya wazee, uliowekwa katika sheria mwaka 1965, uliacha nje sehemu kubwa ya matibabu ya meno. Mwili haukuarifiwa juu ya mgawanyo huo. Mwaka 2007, katika jimbo la Maryland, jimbo lilelile la Baltimore, mvulana wa miaka 12 alikufa baada ya ugonjwa wa jino moja kufika katika ubongo wake.

Hospitali nayo ina deni kwa matabibu wa meno. Horace Wells wa Hartford ndiye aliyejaribu hewa ya kuchekesha mwaka 1844 kwa kung'olewa jino lake mwenyewe. Na William Morton, naye tabibu wa meno, ndiye aliyemlaza mgonjwa kwa etha mbele ya wapasuaji wa hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston mwaka 1846. Nusukaputi iliingia katika chumba cha upasuaji kwa mkono wa mtu wa meno. Tabibu wa meno aendaye hospitali haendi ugenini.

Na mwaka wenyewe una nini ndani yake? Mchana mkaazi huwatibu watu ambao kliniki za mitaani huwaogopa: mwenye vali ya bandia katika moyo, anayengoja figo ya mtu mwingine, mwenye saratani ya koo ambaye meno yake mabovu yafaa kung'olewa kabla ya mionzi, kwa kuwa taya lililopigwa mionzi hupona kwa shida. Hujifunza kwamba mtu anayekunywa dawa ya kuzuia damu kuganda mara nyingi haachishwi dawa yake kwa ajili ya jino moja. Kipimo cha damu husomwa kwanza, na kidonda hushonwa na kukandamizwa. Huenda kwa matabibu wa nusukaputi akajifunza kuilinda pumzi ya aliyelala. Usiku hushika zamu, akaitwa kwa ajili ya aliyeumia taya katika ajali, au mtoto aliyekuja na jino lake ndani ya kikombe cha maziwa.

Haifai kusema kwamba aliyekataa mwaka huo ni mvivu. Wako waliokwenda moja kwa moja kazini, wakapata mwenye kliniki mwaminifu, wakajifunza kwake mengi. Wako pia wakaazi waliofika mahali ambapo hospitali ilitaka mikono ya bei ndogo kuliko ilivyotaka kufundisha. Jino la pembe si dawa ya pengo, na cheti cha pili hakizibi upungufu wa mtu asiyetaka kujua. Katika Tanzania na Kenya mhitimu wa meno hupita katika mwaka wa utarajali kabla ya kujitegemea, apende asipende. Sheria ya namna hiyo humlinda mgonjwa, na ni sheria njema. Walakini haimwulizi kijana kama ameona upungufu wake mwenyewe. Hiari humwuliza, na jibu humgharimu.

Binti aliitoa fomu kitabuni. Aliorodhesha hospitali kwa kadiri ya mapenzi yake, hospitali nazo zikawaorodhesha waombaji, orodha zikalinganishwa, akapata nafasi katika hospitali ya mji mkubwa. Alimwandikia mzee na kumwomba angoje mwaka mmoja. Mzee alijibu kwa wema kwamba afya yake haimruhusu kungoja, na kabla ya kiangazi kliniki ikauzwa kwa mtu mwingine. Baba yake hakusema neno. Alimsaidia kubeba vitabu hadi chumba chake kipya, akarudi barabarani.

Katika majira ya baridi, usiku wa manane, aliitwa kumwona mwanamume aliyevimba chini ya taya pande zote mbili, ulimi umeinuka, sauti imezibwa. Mgonjwa alikuwa karibu kulazwa chali ili apigwe picha. Binti aliomba abaki ameketi, akawaita matabibu wa nusukaputi kwanza, maana uvimbe wa namna hiyo huweza kufunga njia ya pumzi mara mtu anapolala. Kabla hawajafika, huku akimshika mkono, alimwuliza dawa anazokunywa. Mtu yule akataja moja. Binti akainama karibu na sikio lake, akauliza tena, “Na sindano? Kuna sindano yoyote unayochomwa?”